Chumba Kisichotakiwa Tone la Maji

Skola mdogo wangu,

Basi pale uliponikatia simu ndiyo kwanza nilikuwa nafika penyewe. Nilikuwa nakuambia mimi sikuota. Wewe ukasema, "Dada, tumeshaliombea, amina," ukakata. Nikabaki nimeshika simu kama mtu anayekuna sikio, na Juma mlinzi wa getini ananicheka meno yote nje. Nikasema ngoja niandike. Barua huikatii katikati, na huwezi kuiweka sauti kubwa kwaya nzima isikie. Anakuletea Mwalimu Rehema, yule Mzigua anayefundisha Kakonko. Alikuja huku Dodoma likizo kwa dada yake, na kaniapia ataifikisha mpaka mlangoni kwako Kumsenga, hata kama ni kwa bodaboda.

Mwakeye kwanza, msije mkasema mjini nimesahau adabu. Hamjambo wote? Filipo shemeji yangu mgongo umeachia? Watoto wanakula? Mashamba mmeshaanza kutifua? Mimi mzima, nimenenepa, gauni lile la kitenge ulilonishonea nimelipasua kwapani. Huku jua kali, vumbi kali, maji ya kununua. Migebuka, samaki wa kwetu, naiota. Hiyo ndiyo naiota, Skola, migebuka. Hayo mengine niliyaona kwa macho, asubuhi, nimesimama.

Nasikia Mama Sauli jirani yako anatangaza gulioni eti Dafroza siku hizi ni mtu wa kompyuta. Mwambie ni kweli, nazifuta vumbi. Si unajua nilikuja na familia ya yule daktari aliyekuwa Kibondo, kulea watoto wake. Watoto wakakua, mke wa daktari akaniombea kazi ya usafi kwenye jumba hili. Sasa hili jumba, mwenzangu, lina kompyuta moja tu ya maana, na hiyo moja inajaza chumba kikubwa kama kanisa lenu. Ni makabati meusi, marefu kunizidi, yamepangwa mistari, yanamwekamweka taa kama vimulimuli. Baridi humo ndani! Asubuhi ya Juni ya kwetu ni cha mtoto. Naingia na sweta na soksi. Mashine inapepewa usiku na mchana isipate joto, ina umeme wake, jenereta lake, fundi wake wa kuiangalia tu. Inalelewa kuliko mtoto wa waziri.

Nilimuuliza Dokta Mwanaidi, ndiye mkubwa wa watu wa mvua, mama wa Kitanga, mpole, ana ushungi wa kila rangi. Nikamwambia Dokta, hii ina nini cha kuzidi ile ya pale mapokezi? Akaniambia, "Mama Fidesi, kwenu mnalimaje shamba kubwa?" Nikasema tunaitana, kila mtu anashika mstari wake, jua likianza kuchoma shamba limeisha. Akasema, "Ndiyo hiyo. Humo ndani wamo wakulima maelfu. Kila mmoja anashika mstari wake wa hesabu. Kompyuta ya mapokezi ni mtu mmoja na jembe lake. Angelima mpaka afe."

Na wanaokuja kuilimisha ni wengi. Wapo wa dawa, wanaijaribu dawa ya malaria mle ndani kabla haijawekwa kwenye mdomo wa mtu. Wapo wa muhogo, wanatafuta mbegu isiyooza ndani kama ile ya kwetu yenye michirizi. Wapo wa gesi, wanataka kujua chini ya bahari kuna nini bila kuchimba. Wapo wa viwanda vya saruji, wana suti, hawasalimii. Wapo wa barabara na madaraja, hao wanalivunja daraja mle ndani mara chungu nzima, wanalipitishia malori, wanaliletea mafuriko, likigoma kuvunjika ndiyo wanakwenda kulijenga. Kila mtu ana zamu yake kwenye mashine, na kuna mabwana wawili wa zamu walishawahi kunyang'anyana mpaka wakaitana nyani. Hiyo nitakuhadithia siku nyingine, maana ina mambo na mke wa mtu.

Sharti la chumba kile ni moja: tone la maji lisiingie. Nadeki kwa kitambaa kikavu. Ndoo yangu haina maji, chupa ya chai naiacha nje. Halafu ndani ya makabati, Skola, mmejaa mvua na mafuriko. Inanguruma. Ukisimama katikati unasikia kama mvua inayokuja kwa mbali juu ya bati, haifiki. Miezi yote hii haifiki. Nikitoka nje kwenye jua bado naisikia.

Sasa sikiliza, na usiseme amina mpaka nimalize.

Asubuhi moja naingia ofisini kwa Dokta na chai. Ukutani ana kioo kikubwa cha kuonyesha yanayotoka kwenye mashine. Naona milima. Naona mto mwembamba, una kona kama kiwiko cha mkono. Naona kiwanja cha shule. Nikasogea na kikombe mkononi.

"Mama Fidesi, unamwaga chai."

"Dokta, hapo ni kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Hapo! Ile ni njia ya gulioni. Yale mabati ni kanisa. Pale kwenye kiwiko ni kivuko. Na kale kadoa keupe karibu na migomba ni kwa mdogo wangu."

Akacheka, "Nyie Waha! Mpaka kwenye kioo changu mmefika." Akanivutia kiti. Akaniambia watu wa barabara wanataka kujua waweke wapi makalavati na madaraja kuanzia Kibondo mpaka Kasulu, kwa hiyo mashine inafundishwa mito ya kwetu. Lakini kabla ya kuiuliza mvua ya kesho, lazima waijaribu kwa mvua ya zamani, ambayo watu walishaiona. Ikiipatia, wanaiamini. Akautaja mwaka wa hiyo mvua ya zamani.

Skola, nilijua kabla hajaimaliza tarakimu ya mwisho.

Nilitakiwa niinuke niende zangu, nina vyoo vya kuosha. Sikuinuka. Akaianzisha. Kwetu jua. Unakumbuka? Ulikuwa umeanika muhogo, ukawa unafukuza kuku. Wingu hakuna. Lakini kule juu, upande wa mpakani, kwenye kioo kukawa zambarau, zambarau nzito, mvua inapiga milima ile ambayo sisi hatuioni. Maji yakaanza kushuka, buluu, kidogokidogo, halafu si kidogo. Huku chini bado jua. Ndiyo maana mama yetu hakukimbia. Siku zote zile watu walisema maji yametumwa, maji gani yanakuja bila mvua, wakamtazama vibaya yule bibi wa watu mpaka akahama. Mvua ilinyesha, Skola. Ilinyeshea kwingine.

Nikaitazama njia ya gulioni. Ilikuwa saa zile ambazo watoto wa shule walikutana na mama, akawagawia karanga, akawaambia wakimbie nyumbani. Nikasimama namsubiri atokee. Na kapu lake, na ule mwendo wake wa kuvuta mguu. Nikajikuta nasema kwa Kiha, kwa sauti, mawe, subuka, mama, rudi. Dokta akageuka. Maji yakafika kivukoni, yakakaa juu ya mawe, yakapita, yakaenda zao. Saa zilezile. Mashine ambayo haijawahi kukanyaga Kumsenga, haijui ugali wetu, ilifika pale saa zilezile. Na njia ilikuwa tupu. Mashine haijui watu. Inajua maji tu.

Nikamwambia Dokta. Aliizima. Akasema innalillahi, akanishika mkono, chai ikapoa.

Lakini kazi ni kazi. Hawakuweza kuiacha. Kila mara kuna kitu wanarekebisha, mara udongo ulikuwa umelowa zaidi, mara miti ya juu imekatwa zaidi. Napita koridoni na kitambaa changu kikavu nasikia mtu anasema, "Irudishe tena mwanzo." Wanairudisha. Mama anapita tena kwenye maji, na wao wanasema hapo sasa imekaribia. Siwalaumu. Wanataka ipatie. Ila mimi nikisikia mlio wa mashine naanza kuhesabu moyoni, sasa watoto wa shule, sasa karanga.

Siku moja wakaipunguzia mvua makusudi, kuona tu. Maji yakaja mpaka magotini, yakaishia hapo. Dokta akaniita kwa mkono. Nikaelewa. Siku hiyo mama alivuka! Nilicheka kutwa nzima, Juma akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikanunua nyama. Halafu nakula hiyo nyama, likaniingia jambo. Yule mama aliyevuka amekwenda wapi? Amefika nyumba ipi? Amekukuta wewe yupi, unafukuza kuku gani? Nyama ikanishinda, nikampa paka. Tangu siku hiyo nikipita kwenye makabati yale nakohoa kwanza, kama unavyokohoa ukikaribia nyumba ya watu.

Na bado sijakuambia lenyewe.

Nilimuuliza Dokta, "Kitu kizito kama mtu, maji yale yangekitua wapi?"

Akasema, "Mama, mashine haihesabu watu. Inahesabu mchanga, magogo."

"Basi nihesabie gogo."

Hakutaka. Nilimsumbua wiki nzima, unanijua nikishika kitu. Mwishowe akanionyesha. Siyo pale kwenye kiwiko tulipotafuta na fimbo. Siyo kwenye mashamba ya mpunga. Ni mbali, chini kabisa, kwenye matete, kabla ya Malagarasi, pale maji yanapochoka yanatua mizigo yao. Hata njia haipo. Dokta akasema, "Pengine. Usiseme ni hapo, sema pengine." Nami nakuambia pengine.

Sisi tulizika mgomba, Skola. Sikuandikii kukuumiza. Wazee walikata mgomba, wakauvika kitenge cha mama kile cha njano, tukaulilia kama mtu maana mtu hawezi kukosa kaburi. Tulifanya vizuri. Lakini wewe unalala pale bondeni, na wanao watatu, unalinda mgomba, na mgomba wenyewe ulishaoza zamani.

Sasa mvua ambazo hazijanyesha. Maana baada ya kuipatia ile ya zamani, ndiyo wakaanza hizo. Wanachukua mvua moja wanaipa sura nyingi, hii kali kidogo, hii inachelewa, hii inakutana na udongo ulioshiba. Zipo zinazopita zikakuacha salama, sikudanganyi. Ila zilizo nyingi zinapita na nyumba. Nimeiona nyumba yako ikiondoka mara nyingi kuliko nilivyoingia humo kwa miguu yangu. Na haina kelele, ndicho kinachoniua. Hakuna kuku, hakuna anayeita mtu. Kadoa keupe kanakuwa buluu, basi, wanaenda kunywa chai.

Dokta nilimbana. "Ni mwaka huu?" Akasema, "Siwezi kukuambia mwaka huu. Naweza kukuambia pale si pa kulala watoto." Taarifa yao itapelekwa wilayani, lakini mpaka ipitiwe, isainiwe, irudishwe ikaongezwe nukta, mvua za kwanza zitakuwa zimeshaota majani. Ndiyo maana nilikupigia.

Na mimi nikapiga siku ya mazoezi ya kwaya! Wewe ukaniweka sauti kubwa. Nikasema, "Skola, nimeiona nyumba yako inachukuliwa na maji." Wenzako wakapiga yowe. Kabla sijasema neno mashine, mnaomba. Mmefunga siku ngapi sijui, mchungaji akasimama Jumapili akatangaza ono la Mama Fidesi limevunjwa. Mbega, kumbe! Sasa mimi ni nabii. Mama Sauli kanipigia anaomba nimtazamie mbuzi wake aliyepotea. Binti mmoja wa Rungwe Mpya simjui hata sura ananiuliza kama mchumba wake aliyeko machimboni ana mwanamke. Nilimwambia anaye, hilo halihitaji mashine.

Nimecheka sana, Skola, mpaka kwenye simu ya mwisho uliposema, "Dada, nikihama sasa nitakuwa nimemwambia Mungu sikuamini." Hapo kicheko kikaisha. Ingekuwa ni ndoto, ningesema sawa, ndoto inaombewa, inatemewa mate asubuhi, inakwisha. Hii haikutoka usingizini kwangu. Ombeni, na mimi naomba, mpaka Dokta ameomba kwa njia yao. Lakini ombeni mkiwa juu mlimani. Mungu anasikia na kule, hakai bondeni peke yake.

Najua hata hivyo siyo mchungaji anayekushika. Filipo alishaniambia kwa siri, usimgombeze, yeye angehama jana, ila wewe umeshika mlango. Ni mama. Ni lile neno lake, aliposema amehama mara ya mwisho. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mimi ndiye niliyekuwa mgongoni, tunatoka Burundi, namkumbuka shingo yake tu na jasho. Alipopewa kile kiwanja akakaa chini, akashika udongo, akasema hapa sihami tena, atakayeniuliza natoka wapi nitamwambia hapa. Na uraia tulipoupata alicheza barazani mpaka kilemba kikaanguka. Kwa hiyo wewe unaona ukitoka umemrudisha ukimbizini. Naelewa. Nimelia nalo hili kwenye stoo ya mafagio. Lakini mama hakuhama na migomba mgongoni, Skola. Alihama na mimi.

Sasa nafanya hivi, na nafanya kama mkubwa wako, siyo kama nabii. Siku ya kuondoa matanga wazee walikupa jembe la mama mkononi mbele ya ukoo, wakasema kitinda mimba ndiye atakaa na nyumba. Hilo jembe ndilo linalokufunga. Na wewe unajua, wote tunajua, aliyepewa halitupi wala hampi jirani, ila mkubwa wake akiliomba, analirudisha, na lile jukumu linahama nalo. Mimi nimebaki mkubwa wa tumbo lile. Naliomba. Nimemwambia kaka Ezekieli, mtoto wa baba mkubwa, awe shahidi, kasema ndiyo. Mwalimu Rehema akishakupa barua hii, mpe jembe. Atalipandisha basi Kakonko, konda atanifikishia. Likitoka mkononi mwako, kaburi ni langu. Mama ni wangu kumlinda, mgomba ni wangu, matete yale ni yangu. Akirudi kuuliza nani aliondoka, jina atakalolikuta ni Dafroza. Wewe huna neno la kujibu mbele ya mtu. Beba watoto, beba magodoro, ng'oa hata milango ukitaka, nenda kwa kaka kule Rungwe Mpya mpaka mvua ziishe, mengine tutazungumza kiangazi.

Na usisubiri wingu. Ukikumbuka neno moja katika porojo zangu zote, kumbuka hilo. Litakuwa jua, muhogo umeanikwa.

Nisalimie kaka Ezekieli, mwambie asikupe kile chumba cha mbuzi, namjua. Nisalimie wifi yetu mkewe, na shangazi wa Kasulu mwenye mguu, dawa yake naitafuta. Mchungaji msalimie kwa heshima zote, mwambie simshindani. Mama Sauli mwambie mbuzi sikumwona, kwenye kioo mbuzi hawatoki. Watoto wabusu, yule mdogo mwambie nimemnunulia

Juma ananiita getini, Mwalimu Rehema kashafika na bajaji haizimi injini, anapiga honi kama ana mgonjwa ndani. Skola, hilo jembe usilioshe. Lije na udongo wake.

Dada yako,
Dafroza